Amerudi Kutoka Jela, Mbuzi Wangu Je?

Ukisafiri kwa basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ukishapita Kibwezi na kabla hujafika Mtito Andei, utaipita Kambu. Huko mvua ni ya kubahatisha, na mbuzi ndiyo benki ya mwanamke: ndiyo karo, ndiyo dawa, ndiyo unga mahindi yakikauka shambani.

Hebu basi mfikirie mama wa Kambu aliyeamka akakuta zizi tupu, mbuzi 5 hawapo, na mwizi akabainika kuwa kijana wa jirani. Kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mwizi wa mifugo anaweza kufungwa hadi miaka 14. Tuseme huyu alipewa 3. Sheria ya Magereza humruhusu mfungwa kama yeye kupunguziwa theluthi moja akifanya kazi kwa bidii na kuwa na mwenendo mwema. Kwa hivyo baada ya miaka 2 yuko nyumbani, mkononi ana cheti cha useremala. Mhubiri anamwombea, naibu wa chifu anawasihi watu wasimtenge. Na mama? Mama hajaulizwa lolote.

Mimi si miongoni mwa wale wanaotaka mwizi aozee jela. Cheti hicho nakifurahia, kwani mwenye randa na kazi hana haja ya kunyemelea zizi la mtu usiku. Lakini ile theluthi hupimwa kwa mikono na utiifu. Hakuna askari jela mwenye mizani ya kupima moyo, na mfungwa mjanja hutii kwa sababu anataka kutoka mapema.

Kijana akiulizwa, husema ni ukame, ni marafiki wabaya. Ukame ulikuwapo, sikatai. Lakini ukame huo huo ulimpiga mama, ukawapiga na ndugu zake kijana, ambao walichuuza pojo kando ya barabara na hawakugusa cha mtu. Serikali inaweza kumfunza kazi, kumlisha, hata kumpa mshauri. Kusema "ni mimi niliyeiba" haiwezi kumsemea.

Sheria haikumsahau mama kabisa. Ile ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa haki ya kusikizwa, na hakimu anaweza kuamuru alipwe fidia. Tena kuna kifungo cha nje, ambapo mkosaji anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 hufanya kazi ya umma bila malipo. Naona hicho kingemfaa zaidi, maana angechimba mtaro wa shule huku wote waliomjua wakimtazama. Hata hivyo mtaro wa shule haumrudishii mama mbuzi hata mmoja.

Sasa kijana hupitia njia ya nyuma asikutane naye. Msomaji, kama huyu ni mwanao au kaka yako, usimtumie mzee akamwombee radhi. Mwache aende mwenyewe aseme, "Mwaitu, mbuzi walikuwa 5, na niliwachukua mimi," bila kutaja ukame. Mama ana haki ya kunyamaza. Ana haki pia ya kumfukuza, naye arudi siku nyingine. Zizi lile halijapata mlango tangu lilipovunjwa, na yeye siku hizi ni seremala.