Uwakili Si Karamu

Mjini London, baa kongwe ya Ye Olde Cheshire Cheese, iliyojengwa upya mwaka 1667 baada ya Moto Mkuu, ingali jirani na nyumba za mawakili ziitwazo Inn, yaani nyumba za wageni. Kwa karne nyingi, aliyetaka uwakili huko ilimlazimu ahudhurie dhifa zenye mvinyo. Gandhi, asiyegusa mvinyo wala nyama, alizilipia vivyo hivyo hata akaidhinishwa mwaka 1891.

Tangu mwaka 1961 sheria inasomeshwa Dar es Salaam. Hata hivyo tunauliza: je, ada na nauli hazijawa dhifa mpya, zikimzuia mtoto wa mvuvi wa visiwani? Tunawasihi wahusika: mizani ya uwakili iwe elimu na uadilifu, si uzito wa mfuko.