Simuleta yako inajua stima hupotea?

Wasee wa kompyuta, kwani ni sheria? Mtu akisema tu projekti yake ni ya kompyuta za ukungu, anashikishwa iFogSim kabla hajamaliza kueleza swali lake. Mimi chuo niliacha, lakini kwa hii sinyamazi.

Kwa mgeni: ukungu ni mashine ndogo zinazokaa kati ya kifaa chako na wingu, yaani seva za mbali. Video ya kamera ya barabarani inachambuliwa hapo karibu badala ya kusafirishwa yote hadi ng'ambo. Pesa ya kununua mashine mia za majaribio hakuna, so tunaigiza kila kitu ndani ya laptopu moja.

iFogSim si mbaya. Ilitoka Melbourne, imejengwa juu ya CloudSim kwa Java, na inakupimia data inachelewa kiasi gani, stima inayoliwa na mzigo wa mtandao. Shida ni umbo. Toleo la kwanza linapanga vifaa kama mti, mtoto chini ya mzazi, na kila kifaa kimetulia pale kilipowekwa. Vifaa vinavyosonga vilikuja na iFogSim2, 2022. EdgeCloudSim ya kule Istanbul ilikuwa imeshafikiria watu wanaotembea na WiFi inayojaa, so kama swali lako ni abiria wa matatu, anzia hapo.

Mimi ni mtu wa YAFS. Ni Python, imetoka Visiwa vya Balearic, Uhispania. Mtandao unauchora vile unataka, na unaweza kuua nodi katikati ya jaribio uone kazi zake zinaenda wapi. Hiyo ndiyo kitu! Mtaani kwetu stima ikienda, rauta ya jirani inaenda nayo. Utafiti ambao mashine zake hazizimi hata siku moja ni wa mtaa gani huo?

Na tafadhali, usichukue milisekunde za iFogSim uziweke kando ya zile za YAFS kwenye jedwali moja useme hii imeshinda. Kila moja inaigiza mtandao kivyake. Linganisha mbinu mbili ndani ya simuleta moja, hapo tutaongea.

"Lakini iFogSim ndiyo inatambulika." Na nani? Zote ziko GitHub, bure. Kama msimamizi wako alikukatalia YAFS, niandikie hapa chini alikupa sababu gani. Nangoja.