Piesi ya moteri kutoka atelie: ikivunjika, nani anajibu?

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, kupata piesi mpya ya moteri mu Goma, Bukavu na vijiji vya kandokando kumekuwa kazi ngumu. Wenye mashine za kusaga, mitumbwi ya moteri na grupu za umeme wanakimbilia kwa maturneri na masuderi. Kazi ya mafundi hawa inasaidia watu wengi. Lakini si kila piesi inaweza kutengenezwa kwenye atelie ya mtaa, na mara nyingi hakuna hata karatasi moja inayoonyesha nani alitengeneza nini.

Kwa nini atelie zimejaa kazi

Mji wa Goma uliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki nazo zikafunga milango. Kwa mchuuzi wa piesi, hivyo ni vitu viwili vilivyokatika kwa mara moja: njia ya mzigo na njia ya pesa. Mbele ya hapo, mtu aliweza kuagiza Kampala ao Dubai na kulipa kupitia benki. Benki ikifungwa, pesa inapita mkono kwa mkono ao kwa simu, na kila mkono unakata kitu chake.

Mzigo unaoshukia bandari ya Mombasa unatembea zaidi ya kilometa 1.500 mbele ya kufika Goma. Piesi moja ndogo, ya uzito wa kilo mbili, inabeba mgongoni gharama ya safari, forodha na vizuizi vya njiani. Basi mwenye mashine anafanya hesabu: kungoja majuma mengi, ao kupeleka piesi ya zamani kwa fundi leo na kusaga kesho?

Wengi wanachagua kesho, na wana sababu. Mashine nyingi za kusaga zinazungushwa na moteri ndogo ya mazuti yenye silinda moja, iliyotoka China, ya nguvu za farasi 12 hivi. Moteri hiyo ikisimama, wamama wanabeba beseni la mahindi ao muhogo mpaka mtaa mwingine, ao wanarudia kinu na mti. Na ikitengenezwa kwa bei kubwa, mwenye mashine anapandisha bei ya kusaga. Ndiyo kusema bei ya bugali inaanzia pia kwenye meza ya turneri.

Kazi yenyewe inaendaje

Turneri anashika chuma kwenye mashine inayokizungusha, halafu kisu kigumu kinakata polepole mpaka kipimo kinachotakiwa. Suderi anaongeza chuma pale kilipolika, ao anaunga pale kilipopasuka. Mara nyingi wote wawili wanashika piesi moja: mmoja anajaza, mwingine anakata.

Ugumu uko kwenye vipimo. Ndani ya moteri, nafasi kati ya chuma kinachozunguka na chuma kinachokibeba ni sehemu ndogo sana za milimeta, kama unene wa unywele mmoja, mara nyingi chini ya hapo. Ikibana sana, mafuta hayapiti na chuma kinashika moto. Ikilegea sana, moteri inapiga kelele na kujivunja yenyewe. Fundi mwenye rula na jicho zuri hawezi kufika hapo. Anahitaji mikrometa, chombo kinachosoma sehemu moja ya mia ya milimeta, na si kila atelie inacho.

Makundi matatu ya piesi

Kuna piesi ambazo atelie ya mtaa inatengeneza vizuri kabisa: puli ya mkanda, bushi ya shaba nyeusi, bulo, miguu ya kushikilia moteri, mti wa pampu ya maji. Hapa piesi ya fundi inaweza kudumu sawa na ya dukani, na kazi hii inabakisha pesa ndani ya mji.

Kundi la pili linatengenezeka, lakini kwa masharti. Mfano ni vilbroke, ule mti wa chuma wenye magoti unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Ikilika, njia inayojulikana ni kuisugua kwa mashine yake maalumu ili ipungue kipimo kidogo, robo ya milimeta ao nusu, halafu kuvalisha kusineti nene zaidi zinazouzwa kwa kipimo hicho. Mashine hiyo haipatikani kila pahali. Kwa hiyo wengine wanajaza vilbroke kwa kusude na kuikata upya. Inazunguka, ndiyo, lakini joto la kusude linaweza kuipinda na kuacha ufa mdogo kwenye kona ya goti, ambao jicho haliuoni.

Kifuniko cha silinda ao kasha la moteri la fonti nalo liko kwenye kundi hili. Fonti haipendi joto la ghafula. Fundi anayejua kazi anaipasha moto yote kwanza, anatumia bageti yenye nikeli, halafu anaifunika ndani ya majivu ipoe polepole. Ukitumia bageti ya kawaida ya milango, na kuacha piesi ipoe kwenye upepo, inapasuka tena kando ya pale palipoungwa.

Kundi la tatu halifai kusudewa hata kama mteja analia: bieli inayoshika pistoni, bulo za bieli, volani iliyopasuka, piesi za usukani na za breki. Moteri ya mizunguko 2.000 kwa dakika inavuta na kusukuma bieli zaidi ya mara 30 kwa kila sekunde. Bieli ikikatika inatoboa kasha la moteri. Volani ikipasuka inarusha vipande vizito kama risasi, na mashine ya kusaga kila mara ina watu wanaongoja pembeni yake.

Kwenye ziwa ni vile vile. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilizama karibu na bandari ya Kituku, mu Goma, na makumi ya watu wakafa. Hapo wengi walisema kilizidiwa na mzigo. Lakini mtumbwi uliojaa watu, moteri ikizimika katikati ya ziwa wakati wa mawimbi, uko mu hatari ya namna hiyo hiyo.

Umeme na chuma

Hata fundi mzuri anafungwa na vitu viwili. Cha kwanza ni umeme. Bukavu inategemea hasa mabwawa ya Ruzizi, na Goma inapokea sehemu ya umeme wake kutoka Matebe, kule Rutshuru. Umeme ukiwa mdogo, mashine ya kusude haiyeyushi chuma mpaka ndani: juu panaonekana pazuri, chini hapakushikana. Ukikatika katikati ya kazi, piesi inapoa pale isipotakiwa.

Cha pili ni chuma chenyewe. Mara nyingi kinatoka kwenye kamio za zamani: miti ya magurudumu, rasore, miti ya giya. Ni chuma kigumu, chenye sifa nzuri, lakini kimeshafanya kazi miaka mingi na kinaweza kuwa kimechoka ndani. Fundi hawezi kujua kwa macho.

Nani anajibu?

Hapa ndipo penye shida kubwa. Ofisi ya OCC inachunguza bidhaa zinazoingia nchini, lakini piesi inayozaliwa mtaani haipiti mbele ya mtu yeyote. Ikivunjika, mwenye mashine anamlaumu fundi, fundi anasema mteja ndiye alilazimisha, na aliyeumia anabaki na deni la hospitali.

Kufunga atelie si jibu. Mashine nyingi zingesimama. Kinachowezekana ni kidogo na hakiombi pesa nyingi. Mafundi wa mji mmoja wanaweza kukubaliana orodha ya piesi zisizosudewa, ili mteja aliyekataliwa hapa asikubaliwe pale. INPP na shule kama ITFM ya Bukavu ao ITIG ya Goma wanaweza kupanga mafunzo mafupi juu ya fonti na vipimo. Atelie kadhaa zinaweza kuchanga mashine moja ya kusugua vilbroke, kuliko kila mmoja kujaza na kukata.

Mteja naye ana sehemu yake. Alete piesi ya zamani pamoja na ile inayoshikana nayo, ili vipimo vichukuliwe kwa zote mbili. Aulize chuma kimetoka wapi. Adai karatasi yenye tarehe, jina la atelie na kazi iliyofanyika. Moteri ikirudishwa, ianze kuzunguka bila mzigo, watu wakiwa mbali. Na fundi akisema piesi hii haitengenezeki, mteja amusikilize: huyo fundi amekubali kupoteza pesa yake kuliko kuhatarisha watu.