Kadi Mbili za Michoro, Jina Moja

Mnunuzi wa kompyuta hupenda kuuliza swali moja: "Ina gigabaiti ngapi?" Swali hilo si baya. Lakini likiulizwa juu ya kadi ya michoro, yaani kile kipande kilichomo ndani ya kompyuta ambacho hukokotoa picha zinazotokea kwenye kioo, jibu lake laweza kumpotosha mtu kabisa. Wapo waliolipa fedha zao kwa kadi mbili zilizouzwa kwa jina moja na zenye kumbukumbu ya kiasi kimoja, kumbe moja ilifanya takriban nusu tu ya kazi ya nyingine.

Mwaka 2017 kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitoa kadi ndogo ya bei nafuu iitwayo GeForce GT 1030. Ilikuwa na viini vya kukokotoa 384 na kumbukumbu ya gigabaiti 2 ya aina ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyingine: GT 1030 vile vile, viini 384 vile vile, gigabaiti 2 vile vile, ila kumbukumbu yake ilikuwa ya aina ya DDR4. Herufi hizo chache ndizo zilizobeba tofauti, nazo ndizo ambazo mnunuzi asiyezifahamu huzipita bila kuzitazama.

Hebu tuichukue kumbukumbu ya kadi kuwa ni ghala, na viini kuwa ni mafundi wanaongoja mali itolewe ghalani ili waifanyie kazi. Gigabaiti hutueleza ukubwa wa ghala tu. Hazitwambii lolote juu ya upana wa mlango, wala juu ya mwendo wa wapagazi. Katika kadi zote mbili mlango una upana wa biti 64, maana yake baiti 8 hupita kwa kila safari. Lakini wapagazi wa GDDR5 hufanya safari bilioni 6 kwa sekunde, ilhali wale wa DDR4 hufanya safari bilioni 2.1. Mwanafunzi na azidishe mwenyewe: kadi ya kwanza yaweza kupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, na ya pili gigabaiti 16.8, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja. Ghala ni zile zile kwa ukubwa, lakini mafundi wa ghala la pili hukaa wakingoja.

Kasi ya viini nayo ilipunguzwa, kutoka megahezi 1468 hadi 1379 kazi inapopamba moto. Upungufu huo ni kama asilimia 6, nao peke yake usingalitosha kueleza yaliyotokea. Wapimaji waliozilinganisha kadi hizi mwaka 2018 kwa kutumia michezo ya kompyuta waliona idadi ya picha kwa sekunde ikishuka kwa karibu nusu katika michezo mingi. Msomaji makini atauliza: mbona nusu, wala si theluthi mbili kama hesabu ya mlango inavyoashiria? Ni kwa sababu si kila kazi hungoja ghala. Sehemu ya ukokotoaji hufanyika ndani ya viini vyenyewe kwa data iliyokwisha kuletwa, na sehemu hiyo haiguswi na uzito wa wapagazi.

Pana kazi nyingine ambazo haziguswi kabisa. Kioo cha kawaida kina nukta 1920 kwa 1080, jumla yake nukta 2,073,600. Kila nukta ikihitaji baiti 4, na picha ikionyeshwa mara 60 kwa sekunde, kiasi kinachotakiwa ni kama nusu gigabaiti tu kwa sekunde. Hata kadi ya DDR4 huibeba kazi hiyo bila kutoa jasho. Kwa hiyo katibu anayepiga barua hawezi kuzitofautisha kadi hizi hata akizitumia mwaka mzima. Tofauti hujitokeza pale kompyuta inapochora vitu vyenye umbo na kivuli, kwani hapo nukta moja huchorwa na kufutwa mara nyingi kabla ya picha kukamilika, na kila mara hapana budi ghala lifunguliwe.

Ndiyo sababu naona ni kosa kusema kadi fulani ni "bora" pasipo kuitaja kazi. Tena naona ni kosa kubwa zaidi kwa mtengenezaji kuvipa vitu viwili tofauti jina moja. Kubadili aina ya kumbukumbu ni haki yake. Huenda kukapunguza gharama, na kadi ya pili ilitumia umeme mdogo zaidi, wati 20 badala ya 30. Lakini jina ni ahadi. Aliyesoma sifa za kadi ya mwaka 2017 kisha akauziwa ile ya mwaka 2018 kwa jina lile lile hakutendewa haki, hata kama kila neno lililochapwa kwenye boksi lilikuwa kweli.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wachezaji wa michezo, na kwamba shule zetu zina shida kubwa kuliko hizo. Nakubali nusu ya kauli hiyo. Shule inayofundisha kupiga chapa na hesabu za majedwali haihitaji kadi ya ziada hata moja, maana vichakato vingi vya kompyuta vina uwezo wa kuchora ndani yake. Lakini shule inayofundisha uchoraji wa majengo au wa mashine, ikiwa na fedha za kadi nne tu, yapaswa kujua inanunua nini.

Hata isiponunua kitu, kulinganisha kadi mbili ni zoezi zuri la maabara, nalo lina mitego. Mtego mkubwa ni kichakato. Kompyuta yenye kichakato cha polepole huziacha kadi zote mbili zikingoja, zikatoa matokeo sawa, na mpimaji mwenye haraka akatangaza kuwa hazina tofauti. Dawa yake ni rahisi: punguza idadi ya nukta kwenye kioo, upime tena. Ikiwa idadi ya picha kwa sekunde haikupanda, basi aliyekuwa akichelewesha kazi si kadi. Mtego mwingine ni wastani. Kompyuta iliyochora picha 59 katika nusu ya kwanza ya sekunde, kisha ikakwama kwa picha moja nusu yote iliyobaki, huandikiwa picha 60 kwa sekunde, na mtumiaji amekwisha kuudhika. Scott Wasson wa The Tech Report aliandika juu ya jambo hili mwaka 2011, akahimiza upimwe muda wa kila picha moja moja; tangu hapo wapimaji wengi wamefuata njia hiyo.

Kwa mwalimu aliyetumwa dukani, ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z, itumikayo katika mfumo wa Windows. Aombe kompyuta iwashwe, aifungue programu hiyo, atafute mistari inayotaja aina ya kumbukumbu na kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Kwa kadi ya GT 1030 ataona ama 48 ama 16.8.