Mazoezi ya Viungo Si Kwata

Katika masomo yote ya shule ya msingi, hapana lililodharauliwa kama mazoezi ya viungo. Hesabu ikifundishwa vibaya, wazazi hulalamika. Kiswahili kikifundishwa vibaya, mtihani hufichua. Lakini mazoezi ya viungo yakifundishwa vibaya hakuna ateteaye, maana watu wengi hawajui ya kuwa somo hili nalo laweza kufundishwa vizuri au vibaya. Kwao ni muda wa kunyosha miguu tu, na mwalimu mwenye kipenga na sauti kubwa hudhaniwa kuwa ametimiza wajibu wake.

Kitazamwe kipindi chenyewe. Watoto hupangwa mistari uwanjani. Kipenga hulia, kisha hufuata amri: mguu pande, mguu sawa, mikono juu, mikono chini, moja, mbili, moja, mbili. Akoseaye hukemewa, na apatiaye haulizwi amepatia kwa sababu gani. Muda ukiisha watoto hurudi darasani na jasho, wala hapana hata mmoja aliyetakiwa kufikiri. Huko darasani huambiwa kuwa kuuliza si ujinga. Basi shule ile ile humfundisha mtoto mambo mawili yapinganayo: kwamba kichwa chake kina ruhusa ya kuuliza, na kwamba mwili wake kazi yake ni kutii.

Desturi hii haikushuka kutoka mbinguni. Per Henrik Ling alifungua chuo chake cha mazoezi mjini Stockholm mwaka 1813, miaka minne baada ya Uswidi kupokonywa Ufini na Urusi, na shabaha yake mojawapo ilikuwa kuwapa watu wa nchi yake miili ya kufaa vitani. Uingereza nayo mwaka 1902 ilitoa utaratibu wa mazoezi ya shule uliofuata kwata ya jeshi. Mwaka 1909 ukatolewa mwingine uliojengwa juu ya mfano wa Uswidi, na mwaka 1933 ukaja mwingine tena. Pamoja na utawala wa Waingereza, mazoezi ya kuamrishwa yaliingia katika shule za Afrika Mashariki. Lakini Waingereza wenyewe walianza kugeuka. Mwaka 1952 na mwaka 1953 Wizara yao ya Elimu ilitoa vitabu viwili, Moving and Growing na Planning the Programme, vilivyomtaka mwalimu wa watoto wadogo awape nafasi ya kujaribu na kutafuta njia kwa miili yao. Mwenye nguo alianza kuivua zamani. Aliyeazimwa angali ameivaa, tena aiita mila yake.

Watetezi wa kwata hupenda kusema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ina hekima yake, lakini wao husahau neno moja: samaki akunjwaye amekwisha kufa. Hukunjwa ili aenee katika chungu. Mtoto yu hai, na anayemkunja hana budi kueleza ni chungu gani anachomtayarishia.

Kufundisha viungo kwa njia ya uchunguzi hakuna maana ya kuwaachilia watoto wakimbie ovyo. Maana yake ni kuanza kipindi kwa swali ambalo mwili peke yake ndio uwezao kulijibu. Mwalimu auliza: Je, mikono humsaidia mtu arukaye? Watoto huruka bila kukimbia, kwanza wakiwa wamefumbata mikono mgongoni, kisha wakiirusha mbele. Hupima kwa kamba, huandika, hubishana, huruka tena. Mwisho huona wenyewe ya kuwa mikono huongeza urefu wa mruko, na hulazimika kutafuta sababu. Siku nyingine swali ni la moyo. Kila mtoto huweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, huhesabu mapigo kwa sekunde 15, huzidisha kwa 4, huzunguka uwanja mbio, kisha huhesabu tena. Nani moyo wake umetulia upesi, na kwa nini? Siku ya tatu husimama kwa mguu mmoja, macho wazi, halafu macho yamefumbwa, wapate kujua ya kuwa jicho nalo lina kazi katika kusimama kwa mtu. Hapa hesabu, sayansi na jasho vimekuwa somo moja, na mwalimu amefanya kazi ngumu kuliko kupuliza kipenga: amelijua jibu na amelizuia mdomoni.

Tena uchunguzi huu si mgeni kwa watoto wetu. Katika rede, mtoto husimama katikati akikwepa mpira wa matambara urushwao na wenzake wawili kutoka pande mbili, huku akijaza mchanga katika chupa. Hapana mwalimu aliyemwambia asimame ubavu ili shabaha iwe nyembamba, amegundua. Wachezaji wakiwa wachache hubadili sheria; mdogo akionewa hupewa nafuu; ugomvi ukizuka hukata shauri wenyewe. Mtoto huyo mwenye akili ya kutunga na kuamua huingia katika uwanja wa shule, akaamriwa asitikisike mpaka asikie kipenga. Ni shule gani hiyo ipunguzayo alichokuja nacho mwanafunzi?

Atafutaye ushahidi kutoka katika michezo mikubwa na amtazame Dick Fosbury wa Marekani. Alipokuwa mwanafunzi huko Oregon alifundishwa kuvuka ufito kwa kuupa tumbo, kama ilivyokuwa desturi, na njia hiyo ilimshinda. Akajaribu yake, akaibadili kidogo kidogo, mpaka akawa auvuka kwa kuupa mgongo. Mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, aliruka mita 2.24 akapata nishani ya dhahabu, na leo warukaji wakubwa wa dunia hufuata njia yake. Kama angalitii tu, hapana ambaye angalimjua.

Wapingao wana hoja, na ni haki zijibiwe. Husema madarasa ni makubwa. Ni kweli, lakini watoto 80 waliogawanywa makundi kumi, kila kundi na kamba yake na swali lake, hufanya kazi wote kwa wakati mmoja, na wale 80 waliopangwa mistari hungoja neno la mtu mmoja. Husema hakuna vifaa. Moyo, mkono, jiwe, kivuli cha mwembe na saa ya mwalimu ni vifaa. Husema adabu itapotea. Adabu ipoteayo mara kipenga kinyamazapo haikuwa adabu, ilikuwa hofu. Wala hapana asemaye amri ifutwe kabisa: mbele ya mkuki urushwao na kando ya maji mengi, amri huokoa maisha. Muska Mosston, katika kitabu alichokitoa Marekani mwaka 1966, alizipanga njia za kufundisha somo hili kuanzia amri mpaka ugunduzi, na mwalimu hodari huchagua kwa kadiri ya jambo lenyewe. Kosa ni kuijua njia moja tu na kuiita elimu.

Liko na kosa zito zaidi. Katika shule nyingi mtoto mchelewaji huamriwa kuruka kichura, na mpiga kelele huamriwa kuzunguka uwanja mbio. Jambo lile lile aliloambiwa asubuhi kuwa ni somo, huambiwa mchana kuwa ni adhabu. Hapo ajifunza nini ila kuuchukia mwendo wa mwili wake? Shirika la Afya Duniani lashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 za mwendo wa nguvu kila siku. Ratiba ya shule haiwezi kutoa dakika hizo zote. Ni lazima mtoto azitafute mwenyewe, na hatazitafuta kama amefundishwa kwamba ni mateso. Aumiaye zaidi ni yule mnene, yule mlemavu, na yule msichana achekwaye akimbiapo. Katika kwata wao ni wakosefu wa kila siku. Katika uchunguzi mwili wa kila mmoja ni habari mpya ya kupimwa na kuelezwa.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule imjengee mwanafunzi akili yenye kuuliza. Hakusema akili hiyo iachwe mlangoni mtoto atokapo kwenda uwanjani. Basi mkaguzi aendaye shuleni asihesabu mistari iliyonyoka. Awaite watoto watatu mwisho wa kipindi, mmoja hodari, mmoja wa kadiri na mmoja dhaifu, awaulize: Leo mmegundua nini? Wakikosa la kusema, na aandike katika kitabu chake ya kuwa siku hiyo somo la viungo halikufundishwa.