Penzi Lilivunjwa na Nani?

Ndugu zangu washairi, leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa kiambishi kimoja.

Majuzi niliketi na vijana katika kibanda cha video pale Mwanjelwa, Mbeya, tukatazama filamu ya Kitamili iitwayo Kaadhal, ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Balaji Sakthivel. Murugan, fundi wa pikipiki mjini Madurai, anapendana na Aishwarya, binti wa tajiri. Wanatorokea Chennai, wanaoana. Jamaa za binti wanawarudisha kwa hila, wanampiga kijana hata binti anakubali kuolewa kwingine ili mpenzi wake aachwe hai. Miaka inapita, binti, sasa ana mume na mtoto, anamkuta Murugan barabarani amerukwa na akili.

Mtafsiri aliyeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya picha alihitimisha kwamba penzi lao lilivunjika kwa kudura. Kibanda kizima kikaguna kwa huruma. Mimi nilitoka nimekasirika. Sote tulikuwa tumewaona wapigaji, na kudura haikuwamo miongoni mwao.

Kauli za kitenzi nimezifundisha maisha yangu yote ya kazi. Kauli ya kutendeka hutaja hali na kumsahau mtenda. Kauli ya kutendwa humwekea mtenda kiti. Mtoto aliyeangusha kikombe hulijua hilo kabla hajaingia darasani. Humwendea mama yake akasema, “Kimevunjika.” Nasi washairi wa mapenzi tumekuwa mtoto huyo, tena kwa niaba ya watu wazima wenye mali. Penzi limevunjika, ndoa imeshindikana, moyo umepasuka. Fungueni diwani yoyote ya mapenzi mliyo nayo, mhesabu.

Sisemi haya nikiwa msafi. Nilipokuwa nikifundisha mkoani Iringa, kijana mmoja, mtoto wa wachuma chai wa Mufindi, alipendana na binti wa mfanyabiashara wa mbao. Walisubiri hadi wakamaliza masomo, wakatuma mshenga kwa adabu zote. Baba wa binti alitaja mahari ambayo alijua ukoo wa wachuma chai usingeipata hata ungechuma vizazi viwili. Binti akapelekwa Mbeya kwa ndugu, akaozwa huko. Kijana akaangukia kwenye ulanzi, na mwaka wa tatu tukamzika. Niliombwa shairi la rambirambi, nikaandika, na kibwagizo chake kilikuwa cha kudura. Baada ya mazishi, baba wa binti alinishika mkono kwa mikono miwili akanishukuru. Ilinichukua miaka kuelewa alikuwa akinishukuru kwa lipi.

Wapo watakaosema mahari ni mila, na mzazi ana haki ya kuuliza binti yake anakwenda kula nini. Aulize. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imetamka kwamba ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikufuatwa. Basi anayetumia mahari kama ukuta, ukuta ni wake. Asimsingizie Mungu wala mababu.

Wapo pia watakaosema ushairi si hati ya mashtaka. Nawajibu kwa riwaya. Katika Vuta N’kuvute (1999), Shafi Adam Shafi hakumwachia msomaji kudura. Yasmin anaozwa kwa mwanamume anayelingana na baba yake. Anapokimbia, jamaa zake wanamfungia mlango. Denge anayempenda anawindwa na polisi wa wakoloni. Kila pigo lina mkono, na mkono una mwenyewe. Je, kisa hicho kimepungukiwa na uzuri? Amil Shivji alikifanya filamu mwaka 2021, na watu wakalia vilevile.

Limebaki lile kimbilio letu la mwisho: mizani. Haya, tuhesabu. Li-li-vu-nji-ka: mizani tano. Li-li-vu-njwa-na: mizani tano. Kipande chako hakitapungua wala kuzidi. Kitakachobadilika ni kwamba baada ya ‘na’ utalazimika kuandika jina, au cheo, au walau neno ‘baba’. Hapo ndipo kalamu zetu hutetemeka, kisha tukadai ni urari wa vina unaotusumbua.

Shairi lile la rambirambi ninalo bado. Nimekibadilisha kibwagizo, na nafasi iliyo mbele ya ‘na’ nimeijaza. Sitalichapisha hapa kwa sasa. Mzee yule angali hai, macho yamempungua lakini masikio yake ni mazima, na nauli ya kwenda kwake haizidi pensheni yangu. Alinishukuru ana kwa ana. Na hili jipya atalisikia vivyo hivyo, kwa kinywa changu, kabla yenu.