Hofu Haihitaji Jumba la Karen

Imani moja imeenea miongoni mwa vijana wetu wanaosomea filamu, na miongoni mwa walimu wao, na hata miongoni mwa waamuzi wanaoketi kuzipima kazi zao, kwamba filamu ya kutisha, hasa ile inayoitisha nafsi kabla ya kuyatisha macho, haiwezi kuzaliwa katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi. Husemwa kwamba Umoja, Kayole, Dandora na Kariobangi ni mitaa ya mbio, wizi na risasi. Kwamba hofu ya ndani yataka jumba kubwa la kale lililozungukwa na miti, ngazi za mbao zinazolia, ukimya wa usiku na mtu aliye peke yake. Na kwamba mwanafunzi aliyepewa kazi ya kutunga dakika mbili za kufungulia filamu ya namna hiyo hana budi kumtafuta rafiki mwenye jamaa huko Karen kwa matajiri, au kuchanga nauli na wenzake waende msitu wa Karura. Nasema imani hii ni batili, na madhara yake hayakomei kwenye sanaa.

Tazama kwanza matunda yake. Katika kazi za wanafunzi hutokea tena na tena binti yule yule mwenye kanzu nyeupe na nywele zilizomfunika uso, ambaye asili yake ni masimulizi ya Kijapani ya mizuka, na ambaye dunia ilimfahamu kwa filamu ya Hideo Nakata iitwayo Ringu, ya mwaka 1998. Hutokea kisu, hutokea damu iliyotengenezwa kwa sosi ya nyanya, hutokea muziki uliochukuliwa kwenye intaneti, ambao hupanda ghafla ili mtazamaji ashtuke, kisha mayowe, kisha giza, kisha jina la filamu. Fedha zilizochangwa kwa taabu zimekwisha kwa nauli na chakula, na siku nzima imepotea mahali ambapo hakuna hata mmoja wa wapigaji filamu aliyewahi kulala, kuugua au kumngoja mzazi asiyerudi. Wajapani walikuwa na haki ya kumtumia mzuka wao, kwa kuwa walirithi hofu yake kwa bibi zao. Kijana wa Kayole amerithi hofu nyingine, naye anaiacha mlangoni akienda kuazima ya watu.

Hiyo ni hasara ya sanaa, lakini chini yake pamelala jambo zito zaidi. Anayesema kwamba Eastlands yafaa kwa filamu za wezi na haifai kwa filamu za nafsi anasema, ajue asijue, kwamba watu wa huko wana dhahiri na hawana batini: kwamba maskini huona njaa, hukimbizwa na askari, hupigwa risasi, lakini haketi peke yake akaishuku akili yake mwenyewe, wala hakumbuki jambo alilolitenda likamnyima usingizi. Wasiwasi wa nafsi umefanywa kuwa anasa ya wenye bustani. Filamu ya Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga na kutoka mwaka 2012, ni kazi ninayoiheshimu, tena kiini chake ni kijana anayetamani kuwa mwigizaji, yaani mtu mwenye ndoto na nafsi iliyogawanyika. Walakini wengi walioiiga waliokota bastola na kukiacha kiini. Hawa ndio waliotufundisha kuutazama mtaa kama uwanja wa matukio, na wakazi wake kama miili inayopita mbele ya kamera.

Lau wangaliuliza wazee wangaliambiwa mengine. Pumwani, mtaa wa Waafrika ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1920, uliishi na simulizi za wazimamoto, wale ambao watu wa pwani waliwaita mumiani: watumishi wa serikali ya kikoloni ambao, kwa kauli za watu, waliwakamata binadamu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wakazi wa zamani wa Nairobi, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2000 alizichukua simulizi hizi kwa uzito unaozistahili, akionyesha jinsi watu walivyousema kwazo ukweli wa maisha yao chini ya utawala ule. Humo hamna pembe wala meno marefu. Mna mtu aliyeajiriwa, mna usiku, na mna jirani aliyetoka asirudi. Hofu yote imejengwa juu ya shaka, kwa kuwa yule anayekuja kuzima moto ndiye yule yule anayedaiwa kuchukua damu, na msikilizaji hana njia ya kuwatenga wawili hao. Kama kuna mwanafunzi anayetafuta asili ya kitisho cha nafsi mjini Nairobi, ameipata umbali wa kutembea kutoka soko la Gikomba.

Wapinzani hutegemea zaidi hoja ya kelele. Husema Eastlands haina ukimya, na pasipo ukimya hofu haikai. Mimi naona kwamba hapo ndipo mtaa ulipoyashinda majumba ya Karen kwa mbali. Katika jengo la kupangisha la Umoja kuna watoto kwenye ngazi, kuna redio ya jirani, kuna mitungi ya maji inayoburutwa, kuna honi za matatu, kuna adhana, kuna mahubiri ya kesha kwenye vipaza sauti, na kuna muuza dawa ya panya na kunguni anayepita na sauti iliyorekodiwa, ikirudia maneno yale yale kutwa nzima bila kuchoka na bila kupumua. Mkazi huyasikia haya yote bila kuyasikiliza, na ndiyo yanayompa yakini kwamba ulimwengu uko mahali pake. Kwa mtu wa Karen ukimya ni hali ya kila siku na hauna habari yoyote. Kwa mtu wa Umoja ukimya ni tukio, na akiusikia moyo humwenda mbio kabla hajajua sababu.

Basi na tuzipange dakika mbili hizo. Chumba kimoja, ghorofa ya juu kabisa, saa nane ya mchana. Binti anakunja nguo zilizokauka. Twaiona mikono yake, hatumwoni uso. Sauti zote za mtaa zimo. Redio ya jirani inakoma, naye hajali. Sauti ya mtoto kwenye ngazi inakatika katikati ya neno. Honi zinatoweka. Yasalia maneno ya muuza dawa ya panya, yakienda mbali, kisha nayo hayapo. Hapo ndipo zinaposikika nyayo juu ya dari, na mtungi ukiburutwa. Binti anatazama juu kwa uchovu, kama atazamavyo kila mpangaji aliyeudhiwa na mtu wa ghorofa ya juu, kisha anarudi kwenye nguo zake. Ndipo kamera inapotuonyesha jengo kwa nje, kwa utulivu, juani, na twaona kwamba juu ya dirisha lake hakuna ghorofa nyingine. Juu yake ni mabati.

Hakuna damu hapo, wala mayowe, wala senti iliyotumika kwa mapambo. Lakini kuna kazi ya akili ambayo wengi huikwepa. Jengo lazima liwe la paa la mabati lenye mteremko, kwa maana majengo mengi ya mitaa hiyo yana paa bapa la kuanikia nguo, na mtazamaji wa huko, ambaye hadanganyiki kirahisi, atasema ni mtu anayeanua nguo zake. Kila sauti yapasa irekodiwe peke yake, kwa saa yake: watoto jioni watokapo shule, honi alfajiri, muuza dawa apitapo, na nyayo ndani ya chumba kitupu, kwa sababu sauti iliyoingia pamoja na picha haiwezi kuondolewa baadaye, na filamu hii yote imesimama juu ya kuondoa. Irekodiwe pia dakika nzima ya chumba chenyewe pasipo mtu kusema neno, ili mhariri awe na kitu cha kubakiza baada ya kuondoa vyote, kwani sauti ikikatwa kabisa mtazamaji hudhani kipaza sauti kimeharibika. Simu ya mkononi yatosha kwa picha, ikiwekwa juu ya stendi na kuachwa itulie. Kamera inayotikisika humwambia mtazamaji aogope, ilhali ile iliyotulia humwacha ajitafutie mwenyewe cha kuogopa, na akitafutacho mwenyewe hakisahau upesi.

Wala hili si fundisho jipya. Mwaka 1942, huko Marekani, mtayarishaji Val Lewton alipewa fedha haba atengeneze filamu iitwayo Cat People, naye pamoja na mwongozaji Jacques Tourneur wakaamua kumficha mnyama badala ya kumwonyesha. Mwanamke anatembea usiku, nyayo nyuma yake zinasikika, kisha hazisikiki, anaharakisha, na kinachopasua ukimya si chui bali basi linalosimama kwa mlio wa breki mithili ya mnyama. Watengenezaji wa filamu wameliiga basi lile tangu siku hizo. Jogoo Road ina mabasi na matatu mchana na usiku, na breki zao zalia zaidi ya lile la Lewton.

Tena kuna mambo ambayo Eastlands huyasema na Ulaya haiwezi kuyasema. Katika filamu ya Repulsion ya mwaka 1965, Roman Polanski alizipasua kuta za nyumba ya kawaida mjini London ili kuonyesha akili ya msichana inavyopasuka, na mtazamaji wa London alijua papo hapo kwamba ufa ule ni wa akilini. Uweke ufa huo huo katika ukuta wa Huruma, ambako jengo la ghorofa lilianguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua makumi ya watu waliokuwamo, na ambako majengo yaliyoonekana hatari yalipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu huku wapangaji wakiendelea kulala ndani. Mtazamaji hatajua kama mama anayeutazama ufa ule usiku kucha ameanza kupotewa na akili, au kama yeye ndiye mwenye akili timamu peke yake katika jengo zima. Shaka hiyo ndiyo uti wa mgongo wa filamu za nafsi, na hakuna jumba la Karen liwezalo kuitoa. Nasisitiza tu kwamba waliokufa Huruma wana jamaa zao, nao wangali hai mtaani. Picha za kifusi chenyewe zisitumiwe kama pambo.

Giza nalo limepewa heshima lisiyostahili. Filamu ya Kati Kati ya Mbithi Masya, iliyotoka mwaka 2016 na kutunukiwa na wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Toronto, yaanza na mwanamke aliyevaa vazi la hospitali akijikuta nyikani mchana kweupe, asijue alikotoka. Na mchana ule unatia fazaa kuliko usiku wa filamu nyingi. Mitaa yetu yenyewe haina giza tangu ziliposimikwa taa ndefu ziitwazo mulika mwizi, ambazo humwaga mwanga mweupe ndani ya vyumba hadi asubuhi. Apigaye filamu usiku asikodi taa. Aketi dirishani aone vivuli vinavyoanguka ukutani.

Nakataa pia, kwa maneno machache, ile desturi ya kumfanya muuaji kuwa mgonjwa aliyetoroka Mathari. Hospitali ile imewahifadhi wagonjwa wa akili tangu mwaka 1910, na wengi wa waliotibiwa humo ni majirani zetu wanaorudi kazini kimya kimya. Kuwageuza vitisho ni dhuluma, tena ni uvivu.

Wako watakaosema kwamba filamu kama hizi zitauchafua mtaa ambao sifa yake imekwisha kuchafuliwa. Nawaelewa, kwa kuwa wamechoka kuonyeshwa kama wahalifu. Lakini anayemwonyesha mkazi wa Umoja akiogopa, akishuku, akikumbuka na akijihoji, amempa hadhi ambayo filamu za risasi zilimnyima. Heshima hiyo ianze kabla kamera haijawashwa. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, Sura ya 222, yataka kibali kwa filamu za kuonyeshwa hadharani, na mwalimu awasaidie wanafunzi kukipata. Zaidi ya hapo keateka aambiwe, mzee wa nyumba kumi aambiwe, na wapangaji wa ngazi ile waambiwe mlango kwa mlango ni saa ngapi na kwa kusudi gani. Mayowe ya uongo yasipigwe kabisa. Mtu akipiga mayowe Kayole, watu hutoka na rungu, na aliyesimama karibu na mpiga mayowe huweza kupoteza maisha kabla hajafungua kinywa kueleza kwamba ni filamu ya darasani.

Neno langu la mwisho ni kwa waamuzi wa vyuo na wa tamasha la taifa la drama na filamu, kwa kuwa wao ndio wanaoilisha imani hii kwa alama wanazozitoa. Kazi iliyopigwa bustanini kwa kamera ya kukodi isipewe daraja la juu kwa sababu ya bustani na kamera. Waamuzi wafumbe macho na kuisikiliza kila filamu mara moja kabla ya kuitazama, kisha wamwulize mwanafunzi ni nini alichokiondoa na kwa nini. Na asiye na jibu la kuwapa arudishwe mtaani kwao akasikilize, hata kama jumba lake lilikuwa zuri.